Pale Chelel Alipopumua

Kijana wa sibakafe pale Kericho aliniomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Nilikuwa nimemwomba anitafutie nyimbo za mwanamke mmoja wa Ucheki na kuniwekea kwenye simu, naye alizitafuta kwa bidii, akazipata, akaanza kuzijaribu moja baada ya nyingine huku uso wake ukizidi kukunjamana.

"Madam, pole sana," akasema hatimaye. "Hizi zingine ziko sawa, ni vile tu ni za kizungu. Lakini hii ya mwisho imeharibika. Inakatika katikati. Nimeidaunilodi tena, bado inakatika palepale."

"Inakatika vipi?"

"Huyu mama anaimba vizuri, anaita kama anaita mtu, halafu ananyamaza tu. Kimya. Halafu anaendelea kama hakuna kitu imefanyika."

Rafiki yangu, nilicheka hadi watu waliokuwa wakichapa barua za kuomba kazi wakageuka kunitazama. Kisha nikajikuta nafuta machozi, na yule kijana, kwa huruma, akanipunguzia malipo. Nje, mvua ya saa nane ilikuwa imeanza kunyesha, ile mvua ya Kericho isiyohitaji kutangazwa. Nilisimama chini ya paa la duka la viatu, simu sikioni, nikausikiliza wimbo ulioharibika. Haukuwa umeharibika. Ninajua kinachokaa pale katikati, na kwa kuwa wengi waliokijua wamekwisha kuondoka, nimeona ni wajibu wangu kukueleza.

Nililelewa juu ya kilima kinachotazamana na Silibwet, katika nyumba ya mabati iliyozungukwa na majani chai pande tatu. Upande wa nne ulikuwa wa mama yake baba, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kogo, kama watoto wote wa Kipsigis wanavyowaita bibi zao. Upande wake ulikuwa na jiko la udongo, mti wa mparachichi, vibuyu vya maziwa vilivyotundikwa ukutani, na zizi la ng'ombe mmoja tu. Majani chai yalikuwa ya baba, yalikuwa kazi. Ng'ombe alikuwa wa Kogo, naye alikuwa mtu wa nyumbani.

Ukitaka kujua asubuhi zetu zilivyokuwa, fumba macho. Kwanza utasikia matone ya umande yakidondoka kutoka ukingo wa mabati. Kisha aproni za nailoni zikichakarisha majani, mama na majirani wakiwa wamekwisha kuingia shambani, na vidole vyao vikikata machipukizi kwa mlio mdogo mkavu, kama moto unaoshika vijiti. Upepo ukitoka upande wa kiwandani huleta ile harufu ya majani yanayonyauka, tamu na nzito, inayokaa ndani ya sweta hadi jioni. Na chini ya sauti zote hizo, kutoka zizini, utamsikia Kogo akimwimbia Chelel.

Chelel ndilo lililokuwa jina la ng'ombe wake, kwa ajili ya weupe wa paji lake. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kumshika ndama, kusugua kibuyu kwa kijiti cha mkaa hadi ndani yake kuwe na rangi ya mbingu ya mvua, na kusimama hapo na ndoo. Kogo aliketi kwenye kigoda, akaegemeza kichwa ubavuni mwa Chelel, akaanza. Wimbo ulianzia kifuani, mdomo ukiwa umefungwa, mfano wa mtu anayetembea nyumbani akitafuta kitu alichokisahau. Kisha ulipanda, mdomo ukafunguka, na jina la Chelel likaitwa kwa urefu wake wote juu ya majani chai. Baada ya hapo maziwa yaligonga kitako cha ndoo. Nilikuwa nimeusikia tangu nikiwa nimefungwa mgongoni, hivyo sikuwahi kuusikiliza. Nani huukagua mlango wa nyumba yao?

Kulikuwa na desturi moja katika nyumba yetu. Ng'ombe alipozaa mara ya kwanza, mwanamke atakayemkama alimtungia wimbo wake. Wimbo huo haukuvushwa ua. Kogo aliimba kanisani kwa sauti nene iliyotikisa madirisha, aliimba harusini, aliimba akipalilia. Lakini wimbo wa Chelel uliishi kati ya kigoda na kiwele.

Basi mtu aliyekuja kuusikia kutoka ng'ambo ya ua alikuwa mwalimu wetu wa muziki.

Alifika katika baridi ya Julai, katikati ya miaka ya tisini, akiwa amevaa sweta kubwa kuliko yeye na kubeba gitaa mgongoni kama mama anavyobeba mtoto. Mwalimu mkuu alimtambulisha gwarideni: ametoka Ucheki, nchi iliyo katikati ya Ulaya, isiyo na bahari. "Kama hapa kwetu," mtu mmoja akanong'ona nyuma yangu, na kuanzia hapo tukamwona wa kwetu. Alijifunza Kiswahili kitabuni, kwa hiyo alimwamkia kila mtu, hata mtoto wa darasa la kwanza, kwa "shikamoo," neno ambalo kilimani petu halikuwa na pa kukaa. Kabla ya wiki kwisha alikuwa na jina: Chebogitaa, yaani binti wa gitaa. Alipoelezwa maana yake alifurahi kama aliyepewa shamba.

Nyumba aliyopewa na shule ilipakana na zizi la Kogo, ua wa miti tu katikati. Jioni alikuja kunywa chai jikoni kwa Kogo, nami nikawa mkalimani, nikikibeba Kiswahili chake hadi Kikipsigis na kurudi. Hivyo ndivyo nilivyoyapata maisha yake, kipande baada ya kipande, moshi ukituwasha macho na mahindi yakipasuka kwenye makaa. Sijapata tena kusikiliza chochote kwa msisimko ule.

Alikuwa binti wa fundi wa mapipa, katika kijiji cha miti ya plamu. Baba yake alipogonga pete za chuma kwenye pipa, yeye aliimba akifuata nyundo. Nyundo ikikosea, naye alikosea pamoja nayo, na makosa hayo ndiyo aliyoyapenda zaidi. Alipelekwa chuo cha muziki mjini, akafukuzwa kwa kuchomeka vijiko kati ya nyuzi za gitaa. (Hapo alimwomba Kogo kijiko, akakichomeka, akapiga, jiko zima likalia kama mvua ya mawe inayosikika kutoka mbali. Kogo aliomba arudie, kisha akampa na cha pili.) Alitunga nyimbo zenye maneno machache sana na milio mingi: msumeno, theluji inayoporomoka paani, bibi kizee anayepanda ngazi. Lakini katika serikali ya siku zile mwimbaji alitakiwa kusimama mbele ya kamati na kupewa ruhusa, na kamati haikumwelewa.

"Wakaniuliza, wimbo huu unamsema nani? Nikajibu, unaisema theluji. Wakatazamana. Wakauliza, na theluji ni nani?"

Nilipomtafsiria Kogo alicheka hadi akashika mbavu. "Hao ni kama chifu," akasema.

Alinyang'anywa ruhusa. Akaimba majikoni kwa marafiki, watu wamejibana sakafuni hadi mlangoni mwa choo, madirisha yamefungwa. Na mchana alichochea makaa katika tanuri la hospitali, lile la kupashia majengo joto.

"Nyumba inapashwa moto kama uji?" Kogo akauliza.

"Kama uji, Kogo. Bila hivyo watu wangeganda."

Kisha akatusimulia jinsi serikali ile ilivyoondoka. Watu walijaa viwanjani kwenye baridi kali, wakatoa funguo za nyumba zao mifukoni na kuzitikisa juu, maelfu ya funguo kwa pamoja, kuwaambia wakubwa kwamba muda umekwisha, waende nyumbani. Kogo aliufungua mkono wake, akachukua ufunguo wa ghala uliokuwa shingoni, akautikisa karibu na sikio.

"Na hawakupiga mtu? Hawakuchoma?"

"Hawakuchoma, Kogo."

Jirani yetu mwenye duka, mama aliyetoka upande wa Kiambu na kukaa nasi miaka mingi, alikuwa ameketi nasi jioni ile akimenya viazi. Aliacha kumenya. Akaomba, kwa sauti ndogo, asimuliwe tena ile sehemu ya funguo. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ni kwa nini aliomba, kwa kuwa miaka michache tu kabla ya hapo tuliwaona watu wa upande wa kwao, waliochomewa nyumba, wakipita barabarani na magodoro. Nikaisimulia tena, polepole, na Kogo akamtikisia ufunguo.

Sehemu ya mwisho ya maisha yake Chebogitaa aliieleza kwa maneno machache. Uhuru ulipokuja alipewa jukwaa, taa na vipaza sauti. "Nilipokatazwa, watu walibanana jikoni wanisikie. Niliporuhusiwa, viti vilikuwa wazi." Watu walitaka muziki wa nje waliounyimwa. Naye akanyamaza, hakuwa ametunga wimbo hata mmoja tangu hapo. Alikuja kufundisha watoto, alisema, kwa sababu alitaka kujua kama bado ana masikio.

Alikuwa nayo! Ungeona madarasa yake! Hakutuandikia noti ubaoni, alituambia, "Kesho kila mmoja alete sauti ya kwao." Kesho yake mmoja alileta posho mili, mashine ya kusaga unga, akanguruma mpaka mate yakaruka. Mwingine alileta mjeledi wa baba yake ukining'inia na kukwaruza ukuta bila kutumika. Mwingine alileta kikohozi cha mchungaji kabla ya sadaka, na mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita dirishani, aliingia ghafla kutazama kama mchungaji amefika. Tulizipanga sauti hizo kama matofali, tukajenga nyimbo juu yake. Sisi watoto wa majani chai, tuliozoea kuambiwa tunyamaze, tuligundua kwamba kilima chetu chote kilikuwa ala. Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikigonga kila mlingoti wa ua kusikia ulivyolia. Ikiwa leo mimi ni mwalimu, nilianza kuwa mwalimu siku zile.

Wimbo mmoja tu hakuupata. Aliusikia asubuhi na jioni kupitia uani, na hatimaye akauomba.

"Za kanisa nitakupa zote," Kogo akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, kuonyesha uzito wa jambo. "Hii hapana. Hii si ya watu. Ni ya Chelel."

"Nitauimbia kwetu, Kogo, mbali sana. Chelel hatausikia."

"Sasa hiyo si ndio mbaya? Utaita ng'ombe, na hayuko."

Chebogitaa hakubishana. Aliinamisha kichwa, akaomba chai nyingine.

Kisha zikaja mvua ndefu, na Kogo akashikwa na kifua. Homa ilishuka, nguvu zikarudi kidogo, lakini sauti ilikataa. Alifungua kinywa na kilichotoka kilikuwa upepo. Na ndama wa Chelel alikuwa amekufa wiki hiyohiyo kwa kuharisha. Mama alikwenda kumkama Chelel, akakuta chuchu kavu na kiwele kigumu kama jiwe. Baba alijaribu, akapigwa teke. Tulimpaka ndama wa jirani chumvi ili Chelel amlambe, tukamleta. Chelel alimnusa na kugeuza kichwa. Alikuwa na maziwa. Aliyashikilia. Kila siku kiwele kilizidi kuvimba na kupata moto, naye akaanza kuguna zizini, na Kogo kitandani alisikia kila mguno.

Baba hakuwa mtu mkatili. Alisema kwamba ng'ombe aliyeshikilia maziwa huharibika kiwele, na aliyeharibika kiwele hufa kwa maumivu. Afadhali auzwe angali na nyama. Akatuma habari kwa mchuuzi wa ng'ombe wa Londiani, aje Jumamosi. Nilipompelekea Kogo uji, alinivuta karibu na kunong'ona sikioni maneno ambayo sikumtafsiria mtu yeyote kwa siku mbili: "Akienda Chelel, na mimi nimeenda."

Ijumaa jioni nilipenya uani na kumwambia Chebogitaa. Alikuwa ameketi kizingitini. Aliweka gitaa chini. "Ninaujua wimbo wote," akasema. "Lakini nilikatazwa."

"Niende nimwulize?"

"Nenda."

Kogo alijiinua kwa kiwiko. Kisha akanong'ona, "Mwambie aimbe. Lakini aimbie Chelel. Asiimbie watu."

Jumamosi mchuuzi alifika mapema, kofia ya manyoya kichwani na kamba mkononi. Alimzunguka Chelel, akamgonga nyonga. "Mzee, hii imekuwa ya nyama sasa," akamwambia baba. Alipomwona Chebogitaa anaingia zizini, akageuza debe na kulikalia. "Kumbe ni mzungu atakama? Basi ngoja nione sinema."

Tulimtoa Kogo nje kwa blanketi, tukamweka kwenye kiti karibu na zizi. Mimi nilichuchumaa na ndoo ili nikame, kwa kuwa Chelel alikuwa ameizoea mikono yangu. Chebogitaa aliketi kwenye kigoda, akaegemeza paji lake ubavuni mwa Chelel. Akaimba.

Rafiki yangu, hutaamini. Ilikuwa sauti ya Kogo. Ule mwanzo wa kifuani, ule ufa mdogo kwenye kupanda, hata ile pumzi ya uzee kabla ya jina. Mama yangu alijifunika mdomo. Chelel aliinua masikio na kugeuka. Nikakamata chuchu. Kavu. Chebogitaa aliuimba hadi mwisho, akauanza tena bila kusita, mzuri zaidi ya mwanzo, na Chelel akainua mguu na kuitupa ndoo hadi kwenye miguu ya mchuuzi.

"Hata yeye ameona si bibi," mchuuzi akasema, akaanza kukunjua kamba.

Chebogitaa akaanza mara nyingine, kwa haraka sasa, kama mtu anayekimbizana na ile kamba. Alipofika mwisho wa jina, Kogo aliinua kiganja chake. Kiganja kizima, kilichonyooka. Chebogitaa alikiona, akadhani ameambiwa akome. Wimbo ulikatika mdomoni mwake. Uso ukawa mwekundu hadi masikioni, mikono ikamwangukia mapajani, na kila mtu akanyamaza kwa aibu kwa ajili yake, hata mchuuzi. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa matone yaliyodondoka mabatini.

Katika kimya kile Chelel akapumua.

Sikujua kwamba ng'ombe anaweza kupumua hivyo. Pumzi ilitoka ndani kabisa, ndefu, ya joto, mwili wote ukishuka pamoja nayo, na nikahisi kiwele kikilegea viganjani mwangu kama unga unaopokea maji. Maziwa yakagonga ndoo. Nilipiga kelele. Kogo alikuwa akipunga mkono kwa nguvu, kama anayefukuza kuku, na Chebogitaa alimtazama bila kuelewa, hata nikamlilia, "Anasema uendelee! Endelea!" Akaendelea. Jina likaitwa, kiganja kikainuka, kimya, Chelel akapumua, maziwa yakaja mazito, mikondo miwili, povu likapanda. Kufikia mara ya tatu Kogo hakuhitaji tena kuinua kiganja. Sote zizini tulinyamaza pamoja na kusubiri pumzi ile, baba, mama, mama wa dukani aliyechungulia uani, na mchuuzi wa Londiani mwenye kamba mkononi. Ndoo ilijaa, tukaleta sufuria.

Kogo alikuwa akicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Baadaye, sauti iliporudi, tulimwuliza ni kwa nini hakutuambia tangu mwanzo kwamba sehemu ile ni ya kunyamaza. Alishangaa kwa dhati. "Mimi nilifikiria hapo ni pa kupumzika mimi," akasema.

Mchuuzi aliikunja kamba yake, akavua kofia. "Mzee, hii si ng'ombe ya nyama," akasema. "Hii ni ya kwaya." Alikunywa kikombe cha maziwa, akaenda zake.

Na Chebogitaa? Aliketi kwenye kigoda kile hadi jua likapanda, akilia na kucheka. "Nimeimba maisha yangu yote," akaniambia, "na sijawahi kumwachia msikilizaji nafasi." Jioni ile, kutoka ng'ambo ya ua, nilisikia gitaa likijaribu kitu kipya, likisimama, likisubiri, likijaribu tena. Nilimkimbilia Kogo kumwambia. Alisema amekwisha kusikia.

Muhula uliofuata tulikwenda kwenye tamasha la muziki la shule tukiwa na wimbo wa sauti za kilima chetu, wenye vimya vitatu ndani yake. Mwamuzi aliandika kwamba kwaya ilisahau maneno. Hatukupata chochote, tukarudi tukiimba kutwa nzima kwa fahari, maana katika kimya cha pili mama mmoja aliyeketi nyuma ukumbini, na kanga yake ya kubebea mtoto, alikuwa amepumua kwa sauti kubwa, na sote jukwaani tulimsikia.

Mkataba wake ulipokwisha, Chebogitaa alikuja jikoni kuaga. Kogo alimpa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, alichokisugua kwa mkaa yeye mwenyewe. Chebogitaa alikibeba mgongoni, kama alivyobeba gitaa siku ya kwanza. Kisha akasema, "Kogo, wimbo ni wa Chelel. Ninauacha hapa. Ninaomba kimya peke yake."

Nilitafsiri. Kogo alifikiri huku akigeuza kuni.

"Kimya? Hicho beba," akasema. "Hata si changu."

Tulimsindikiza hadi barabarani, na Kogo, mama wa dukani na sisi watoto wote tulitikisa funguo zetu hadi gari lilipopinda kona.

Wiki hii nimerudi kilimani na simu yangu. Nimezisikiliza nyimbo zote. Alipata tena viti vilivyojaa, nasikia, katika kumbi ndogo, na watu wa kwao humwandika kama mwimbaji asiyefanana na mwingine. Nilitafuta wimbo wa Kogo katika kila mmoja, kwa hofu, kwa kuwa nimesoma vya kutosha chuoni kujua ni vitu vingapi vilivyobebwa kutoka kwetu bila kuombwa. Haumo. Wala kipande chake, wala mwangwi wake. Mimi pekee ndiye niliyebaki nao, na sina wa kumwimbia.

Kogo alilala zamani. Chelel alimtangulia kwa uzee, bila kamba ya mtu. Mahali pa zizi pamepandwa majani ya napia ya kulisha ng'ombe wa kaka yangu, mweusi na mweupe mkubwa wa kufungiwa bandani, anayekamwa kwa kupakwa mafuta na kuimbiwa na redio. Vibuyu viko ukutani kwa wageni kupigia picha. Ng'ambo ya bonde, kwenye mashamba makubwa, mashine huchuma sasa. Inanguruma mfululizo na haikati machipukizi kwa vidole vya mtu. Sisemi kwamba zamani hatukuteseka. Mama yangu ana mgongo wa kuthibitisha. Nasema tu kwamba tulikuwa na desturi ya kusubiri jibu, hata la ng'ombe, na sikumbuki siku tuliyokubaliana kuiacha. Jumatatu nitawaambia wanafunzi wangu walete sauti ya kwao. Nina hamu kubwa ya kujua wataleta nini.

Jana jioni nilisimama pale kilipokuwa kigoda, nikaufungulia ule wimbo wa mwisho. Chebogitaa anaanzia kifuani, kwa Kicheki, kwa tuni iliyo yake mwenyewe. Anapanda. Anaita. Sijui anamwita nani; labda baba yake na nyundo, labda ujana wake. Kisha ananyamaza, palepale ambapo kijana wa Kericho aliniomba radhi.

Nilisubiri. Palikuwa patupu, majani ya napia tu yakitikisika kidogo. Na kwa kuwa hapakuwa na ng'ombe, nilipumua mimi, kutoka ndani kabisa, hadi mabega yakashuka.

Wimbo ukaendelea.